Kazi Ndogo za Kila Siku Nyumbani

Mwezi huu tujifunze habari ya usafi wa nyumba. Si usafi wa siku ya arusi, wala wa siku ya kumpokea mgeni mkubwa, bali ule wa siku zote. Jambo hili huonekana dogo. Labda wengine watasema, Je, mchungaji amekosa neno la kuandika hata atuletee habari za ufagio? Nawaomba wanivumilie, maana katika nyumba yangu mwenyewe ufagio huo ulimzuia mtoto asisome.

Sisi tuzungukao nyumba kwa nyumba twajua mambo ambayo wenye nyumba hudhani hatuyajui. Jumamosi jioni ukipita kijijini utaona nyua zimefagiwa, vyombo vyang'aa kichanjani, na nguo zimeanikwa juani. Pita tena Jumatano, ukapige hodi. Sauti ya kwanza utakayoisikia ndani si "Karibu", bali ni mshindo wa vitu visukumwavyo chini ya kitanda. Kisha mama wa nyumba hufungua, akasimama mlangoni akitabasamu, ameujaza mlango wote kwa mwili wake ili usione yaliyo nyuma yake. Mimi humwambia, "Mama, na tukae hapa nje penye jua," naye hushukuru. Mama huyu si mvivu. Mara nyingi ndiye afanyaye kazi kuliko watu wote wa nyumba ile. Basi, mbona nyumba yake ni safi siku moja na chafu siku sita?

Nitajibu kwa habari ya nyumbani kwangu, katika milima ya Usambara. Sisi ni watu sita: mimi na mke wangu, wavulana wawili, binti mmoja, na mama yangu mzee. Mke wangu hulima kabichi na karoti, naye huzipeleka sokoni mara moja kila juma. Siku moja mwalimu wa shule alinisimamisha njiani, akaniuliza kwa adabu, "Mchungaji, binti yako ni mgonjwa?" Nikamjibu, "La, ni mzima." Ndipo alipofungua daftari la mahudhurio akanionyesha. Katika muhula ule mtoto alikuwa amekosa siku 9, nazo zote zilikuwa siku za soko.

Nilirudi nyumbani nina hasira. Mke wangu alinisikiliza mpaka nikanyamaza, kisha akasema polepole, "Baba, mimi hushinda shambani. Siku ya soko naondoka kabla ya mapambazuko. Nyumba imejaa uchafu wa juma zima, na kesho yake wewe huja na wageni. Asipobaki mtoto, ni nani atakayeisafisha? Kazi ya siku saba nampa mtu mmoja aimalize siku moja. Najua si haki. Lakini wewe hukuuliza hata mara moja hufanywa na nani."

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Kesho yake nilifanya jambo la kuchekesha kidogo. Niliketi pembeni na kalamu, nikaandika kila kitu kilichoachwa mahali pasipo pake, tangu watu waliporudi kutoka shamba na shule mpaka tulipolala. Viatu vyangu vyenye udongo mwekundu, katikati ya chumba. Koti langu juu ya kiti. Kikombe changu cha chai dirishani, na kikombe changu kingine juu ya meza. Vitabu vyangu juu ya kitanda cha mama. Maganda ya ndizi nyuma ya mlango. Hayo yalikuwa ya wavulana. Jembe lenye tope sebuleni. Sufuria ya ugali yenye ukoko, isiyotiwa hata maji. Nilipohesabu nilikuta vitu 23, na katika hivyo 8 vilikuwa vyangu mimi, yule aliyekasirika. Kila kimoja kingaliondolewa upesi kuliko mtu ahesabuvyo mpaka kumi. Lakini 23 kwa siku 7 ni 161, navyo ndivyo vilivyokuwa vikimngoja mtoto wangu kila siku ya soko. Haba na haba hujaza kibaba: mithali hii twaipenda tukisema habari za akiba ya fedha, kumbe takataka nazo huifuata vilevile.

Wadudu nao wana hesabu yao ya siku

Kuna sababu ya pili, nayo yanipasa niieleze kwa urefu, maana ni ya uzima na mauti. Uchafu haukai kimya ukiingoja Jumamosi. Ndani yake mna viumbe, nao wana kalenda yao wenyewe.

Nzi hutaga mayai katika samadi, katika kinyesi, na katika masalio ya chakula. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja au pungufu, na penye joto nzi wazima hutoka na kuruka baada ya siku 7 mpaka 10 hivi. Basi mwenye banda la ng'ombe akiondoa samadi kila juma na kuitandaza juani ikauke, huwakatiza wengi kabla hawajapata mabawa. Akingoja mwezi mzima, amefuga nzi pamoja na ng'ombe. Na mbu ni vivyo hivyo: katika maji yaliyosimama ndani ya kopo au kipande cha chungu, hukua kwa siku 7 mpaka 14 katika nchi ya joto, ingawa kwetu milimani baridi huwakawiza. Kazi ya kumwaga maji hayo haihitaji kufanywa kila siku, lakini yataka ifanywe kila juma pasipo kuruka.

Funza ni mgeni katika bara letu. Yasemwa kwamba mwaka 1872 aliletwa na merikebu iliyotoka Brazili mpaka Ambriz, katika pwani ya Angola, amejificha katika mchanga uliopakiwa ili kuipa merikebu uzito. Kutoka huko akafuata njia za misafara, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amevuka bara lote mpaka pwani yetu. Jike huingia katika ngozi ya mguu, akavimba hata kuwa kama punje ya njegere, na mayai yake huanguka mavumbini. Yakianguka katika sakafu ya udongo yenye vumbi jingi, huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na kwa muda wa majuma 3 hivi funza wapya wako tayari kurukia miguu ya watoto. Sakafu inyunyizwayo maji na kufagiwa kila asubuhi, na nyufa zake zisiribwazo, haimpi nafasi kubwa. Sakafu ifagiwayo mara moja kwa juma, katikati tu, yaacha vumbi lote chini ya vitanda, ndipo alipo yeye.

Lakini sisi wa Usambara hatuna haja ya kufundishwa sana na nzi wala na funza, maana tulifundishwa na panya. Mwaka 1980 tauni iliingia wilaya ya Lushoto, ikawa hurudi karibu kila mwaka kwa muda wa miaka zaidi ya 20. Watu maelfu waliugua, na mamia walikufa, na katika hao watoto na vijana walikuwa wengi. Miaka hiyo nilikuwa mtoto. Nakumbuka watu wa afya wakiingia nyumba kwa nyumba na kunyunyiza unga wa dawa ya viroboto sakafuni na chini ya vitanda. Nakumbuka pia jinsi watu wazima walivyonong'ona walipoona mtoto ana homa na uvimbe wa mtoki kinenani. Hatukuambiwa kitu, lakini tuliona nyuso zao.

Mwaka 1894, huko Hong Kong, daktari Alexandre Yersin alikiona kijidudu kiletacho tauni. Mwaka 1898, huko Karachi, mwenzake Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye akichukuaye kijidudu hicho kutoka panya mpaka panya, na kutoka panya mpaka mtu. Panya akifa mwili wake hupoa, na viroboto humwacha, wakatafuta damu nyingine yenye joto. Basi alalaye juu ya mkeka sakafuni, karibu na magunia ya mahindi, ndiye aliye jirani yao wa kwanza. Na kwetu, ni nani alalaye hivyo? Ni mtoto.

Sasa tuulize, panya huingia nyumbani kwa sababu gani? Hatupendi sisi, apenda chakula na mahali pa kujificha. Ukoko ulioachwa katika sufuria ni karamu yake. Punje zilizomwagika penye kinu ni kifungua kinywa chake. Nguo zilizorundikwa pembeni ni kitanda chake cha uzazi, naye huchukua mimba majuma 3 hivi tu, akazaa watoto wengi kwa mara moja. Mtu asafishaye nyumba Jumamosi peke yake ni kama amwambiaye panya, Ule usiku sita, ufunge usiku mmoja.

Sisemi kwamba ufagio waponya tauni. Tauni hutibiwa hospitali kwa dawa, tena mapema. Wala panya aliyeonekana amekufa asishikwe kwa mkono mtupu, bali watu wa afya waarifiwe. Nasema tu kwamba karamu ile ya kila usiku twamwandalia sisi wenyewe, na kuiondoa ni kazi ya dakika chache kabla ya kulala.

Tulivyofanya sisi

Jioni moja tulikusanyika sote, na mama yangu pia. Sikuandika sheria ukutani, kwani najua sheria za ukutani zinavyokufa. Tuliifunga kila kazi pamoja na jambo ambalo mtu hulifanya pasipo kukumbushwa. Kila mtu huamka. Basi aamkapo hukunja shuka lake kabla ya kutoka chumbani. Kila mtu hula. Basi amalizapo huchukua chombo chake mwenyewe mpaka penye beseni, akakitia maji. Kila mtu hupita mlangoni. Basi mlangoni tuliweka gunia la kupangusia miguu, na ubao wa kuwekea viatu, na jembe likabaki nje. Wa kwanza kuvua viatu hapo nilikuwa mimi.

Asubuhi mvulana mkubwa hunyunyiza maji chumba cha mbele, akafagia, akianza chini ya vitanda na kumalizia mlangoni. Nilimpima kwa saa: dakika 4. Mdogo wake hufagia mbele ya jiko na kutupa taka shimoni. Binti hujaza kibuyu chirizi kilicho karibu na choo, akatia majivu shimoni na kurudisha mfuniko, dakika 3. Mama yangu alichagua mwenyewe kuanika vyombo kichanjani jua litokapo, na kuwafukuza kuku wasivikaribie. Na usiku, baada ya chakula, mimi na mtoto mmoja kwa zamu huosha vyombo vyote kwa majivu na maji, hukusanya makombo, hufunika kilichobaki, tukazungukia jiko kwa taa. Kazi hiyo ndiyo iliyo ndefu, nayo haifiki robo saa. Mke wangu hapewi kitu katika zamu hizi, kwa maana ndiye apikaye.

Kazi zisizo za kila siku tuliziweka Jumamosi asubuhi, sote pamoja: magodoro na mablanketi juani, samadi, maji yaliyosimama, na kusogeza magunia ili tuone nyuma yake. Mahindi tuliyatoa chumbani mwa watoto. Hilo lilitugharimu, kwani ilitubidi kujenga ghala ndogo yenye miguu mirefu, na kila mguu tukauvika bati panya asipande. Fedha yake niliipata kwa shida, tena nilikawia mwaka mzima. Nasikitika kwa mwaka ule.

Msidhani mambo yalikwenda sawasawa. Mara ya kwanza mama yangu alipomwona mjukuu wake wa kiume ameinama juu ya sufuria, alicheka sana, akamwambia, kama mabibi wasemavyo na wajukuu wao, "Mume wangu, umeolewa lini?" Kijana aliiweka sufuria chini akatoka nje. Basi nikaichukua mimi, nikaisugua mbele ya mama yangu mpaka ikang'aa, wala sikusema neno. Hakupendezwa. Siku kadhaa hakunizungumzia habari za jikoni. Na mpaka leo hajakubali kwamba ni vizuri, lakini kijana akichelewa, yeye ndiye amwitaye, "Mume wangu, sufuria zakungoja."

Masika ya kwanza yalitushinda. Udongo wetu mwekundu ukilowa hushika miguu kama gundi, na wakati wa kupanda watu wote hutoka alfajiri. Gunia la mlangoni likawa tope tupu, zamu zikavurugika, na kwa siku kumi hivi nyumba ilirudi kama zamani. Mke wangu alitaka tuache yote tusubiri kiangazi. Mwisho tulikubaliana kwamba katika siku za namna hiyo yabaki mambo mawili yasiyoachwa kwa sababu yoyote, nayo ni vyombo vya usiku na mfuniko wa choo. Mengine yalirudi polepole mvua ilipopungua. Tangu hapo nimejua ya kuwa desturi yenye mambo mawili, idumuyo mwaka mzima, ni bora kuliko yenye mambo kumi ifayo mwezi wa Aprili.

Neno kwa walimu

Ninyi walimu mtakaosoma somo hili katika vijiji, nawasihi msiingie nyumba za watu mkifunua vyungu na kutazama chini ya vitanda. Nimemwona mtu afanyaye hivyo, na tangu siku ile mama wa nyumba ile hakumfungulia mtu mlango kwa furaha. Anzeni na viatu vyenu wenyewe. Mkikaribishwa chai, mtu akinyosha mkono kuchukua kikombe chenu, mwulizeni huwekwa wapi, mkakiweke wenyewe. Watoto wa nyumba watalizungumza jambo hilo juma zima kuliko hotuba yenu.

Tena, mpime maji kabla ya kusema neno lolote. Mwanamke achukuaye ndoo kichwani kutoka bondeni, kwenda na kurudi saa nzima, hawezi kuagizwa aoshe kama yule mwenye bomba uani. Mwonyesheni yasiyotaka maji mengi. Majivu husugua sufuria. Jua hukausha vyombo na kuyapiga joto magodoro. Kuokota punje sakafuni hakuhitaji tone. Wala msiseme mbele yake kwamba usafi hauna gharama. Si kweli, naye ajua kuliko ninyi. Gharama yake ni wakati na nguvu za mtu, na swali ni hili tu, za mtu yupi. Waulizeni waume na wavulana swali hilo wakiwapo wenyewe, si katika mikutano ya akina mama.

Yuko pia mjane mzee akaaye peke yake, asiye na mtu wa kugawana naye zamu. Huyu msimpe orodha. Mkipita kwake, mmoja afagie chini ya kitanda, mwingine alete maji, na mazungumzo yaendelee. Dakika 10 zatosha, na mwende zenu kabla hajaona haya.

Muhula uliofuata mwalimu alinisimamisha tena njiani, akafungua daftari lake bila kuulizwa. Binti alikuwa amekosa siku 1, nayo alikuwa na homa kweli. Siku ya soko sasa mama yangu hubaki nyumbani peke yake na kuku wake, naye hunung'unika kwamba nyumba ni kimya mno.